Mbegu kwenye Kamba za Kidawa

Siku Bi Mboni aliposahau pesa kwenye mashine ya benki kule Masoko, hakusahau kitu kingine chochote, na hilo alitaka watu walijue. Kadi aliichomoa akaifunga kwenye pindo la kanga. Karatasi ya risiti aliichukua. Mashine yenyewe aliiambia ahsante, kwa kuwa alilelewa na watu wenye adabu. Kisha akashuka ngazi, akavuka barabara, akainama kwenye genge akawa anachagua vitunguu. Hapo ndipo binti mmoja asiyemjua alipomfikia mbio, noti mkononi, mlinzi wa benki akihema nyuma yake.

"Mama, umeacha hela zako!"

"Alaa!" alisema Bi Mboni. "Kumbe zilitoka?"

Jambo lile lingekwisha pale pale, kwa kumwombea binti yule dua na kumnunulia soda. Lakini mlinzi alikuwa na shemeji yake Songo Mnara, kisiwani kwa Bi Mboni, na shemeji ana simu, na simu haina kifua. Kabla boti haijamfikisha Bi Mboni kwake, habari ilikwisha kuzunguka kisiwa kizima, ikavuka maji, ikafika Lindi kwa mwanawe Abdulrazak, anayefanya kazi kwenye ghala la korosho. Bi Mboni alipokanyaga mchanga tu simu ikaanza kulia. Ililia sana, maana ilikuwa chini ya vitunguu na yeye alikuwa anaitafuta kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua unachotaka kusema. Zilirudi zote."

"Leo zimerudi. Mama, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi niko Lindi, wewe uko huko peke yako. Chumba kipo, mkwe wako ameshakisafisha. Nakuja kukuchukua."

Bi Mboni akakaa juu ya kikapu chake. Lindi alikwenda mara moja, mjukuu alipozaliwa. Walimpokea kama malkia, na hilo ndilo lililomtesa. Alishika ufagio, akanyang'anywa. Akaenda kuosha vyombo, akaambiwa apumzike. Alipumzika mpaka mgongo ukamuuma. Nyumba yake ya Songo Mnara aliiezeka bati kwa jasho la mwani wake mwenyewe, baada ya marehemu mume wake, Mzee Ibrahimu, kumwachia makuti yaliyochoka. Kuondoka pale na kwenda kukaa kwenye kochi la watu lenye kitambaa cha kufuma, akingoja kuletewa chai, kwake ilikuwa ni kuanza kufa kwa awamu.

"Nipe msimu mmoja," alisema. "Keshokutwa kikundi kinagawa mbegu mpya. Nitaufunga mwani wangu, nitaulea, na siku ya kuvuna uje uone kwa macho yako. Ukikuta mambo yamenyooka, uniache kwangu. Ukikuta nimeharibu, mzigo nitafunga mwenyewe wala hutanisikia nikilalamika."

Abdulrazak anamjua mama yake, kwa hiyo alikubali haraka sana.

Msomaji asije akadhani hii ni habari ya uzee. Bi Mboni hakuanza kusahau juzi. Alisahau akiwa msichana, akasahau akiwa bibi harusi, na kama kusahau kungekuwa na cheti, kijiji kizima kingemwekea saini. Aliwahi kumfunga mbuzi kwenye magofu apate majani mabichi, akarudi nyumbani, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani amemwiba mbuzi wake. Aliwahi kuingia kwenye msiba akawaambia wafiwa, "Hongereni sana," kwa sababu njia nzima alikuwa anafikiria harusi ya wiki ijayo. Mwezi wa Ramadhani, katikati ya mchana, aliwahi kula muhogo wa kuchemsha mpaka akaramba vidole. Alipokumbuka hakuona haya hata kidogo, bali alifurahi.

"Anayekula kwa kusahau, Mungu ndiye aliyemlisha," aliwaambia wenzake. "Funga yangu iko pale pale. Sasa kama Mwenyezi Mungu mwenyewe amekusamehe kusahau, nyie ni nani?"

Ndivyo alivyo. Kosa lake halimwinamishi kichwa. Kuteleza si kuanguka, anasema, na kama ameteleza mara elfu basi ni mara elfu hajaanguka. Vitu anasahau, kazi hasahau. Kwenye mwani hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake. Fundo lake halilegei hata bahari ikichafuka wiki nzima.

Lipo kosa moja tu ambalo halikusameheka, na hilo alikuwa halisemi kwa kujisifu.

Jirani yake anaitwa Kidawa. Kuta za nyumba zao karibu zinagusana, na mashamba yao ya mwani yako bega kwa bega, kamba za mmoja zinapoishia ndipo za mwenzake zinapoanzia. Walikuwa mashoga tangu walipotolewa unyagoni mwaka mmoja. Bamvua lilipokuja, maji yakatoka mbali na mchanga ukabaki wazi, walishuka pamoja: leo wanaanza kwenye kamba za Kidawa, kesho kwenye kamba za Mboni. Hakuna aliyekuwa akijali ni siku ya nani. Kisha Bi Mboni akamwoza binti yake mdogo.

Kisiwani harusi hualikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Mwenye shughuli hupiga hodi, akakaa, akasema, "Nimekuja kukuambia." Usipoambiwa huendi, hata kama umelala ukuta mmoja na bibi harusi, hata kama mchele wa pilau umeuchambua wewe. Na Kidawa aliuchambua. Alishona foronya, alichagua kanga za sare, na kila siku ya shughuli ile aliijua kabla ya mtu mwingine. Siku ya kualika, Bi Mboni alikunywa chai barazani kwa Kidawa, akanyanyuka, akajifunga vizuri, akasema anakwenda kualika. Akaalika kisiwa kizima, mpaka mzee mmoja kiziwi ambaye ilibidi aelezwe kwa vidole. Mlango alioanzia safari yake hakuupigia hodi. Angempigiaje hodi mtu ambaye ametoka kuweka kikombe mbele yake?

Siku ya harusi Kidawa alikaa nyuma ya pazia, amevaa, akingoja mtu aje amwambie. Pilau lilipopakuliwa ndipo Bi Mboni alipogeuka kumtafuta. Alikimbia na sinia kichwani mpaka mlangoni kwake.

"Mimi sikualikwa," Kidawa alisema kwa ndani.

"Shoga yangu, nilisahau!"

"Mtu anasahau ufunguo. Mtu anasahau chumvi. Shoga hasahauliwi, Mboni. Anaachwa."

Dirisha la upande ule likafungwa, na miaka mitatu ikapita halijafunguliwa. Bi Mboni alituma watu, akatuma halua, akatuma hata shehe. Jibu lilikuwa lile lile. Neno "nilisahau" alilisema mpaka likachakaa mdomoni. Aliumia, na alipoumia vya kutosha naye akapandisha mabega. Wakawa wanashuka baharini kila mtu kwa njia yake, wanafunga mbegu wamepeana mgongo.

Sasa turudi kwenye msimu aliouomba.

Msimu uliopita maji yalipata joto, mwani wa watu wote ukageuka mweupe na kukatika. Kamba zikabaki tupu pwani nzima. Kikundi cha akina mama kikapata mbegu mpya kutoka upande mwingine, na mwenyekiti wao Somoe, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuitia boti, akazigawa sawasawa: kila mtu mbegu za shamba moja, hakuna ziada. Akakumbusha na sheria, maana huko nyuma watu waliwahi kushikana kanga kwa ajili ya mwani. Kilichofungwa kwenye kamba ni cha mwenye kamba. Basi. Kidawa hakuwapo kuchukua zake, na mbegu za mwani hazihifadhiki. Alikuwa Pande kwa binti yake aliyejifungua, anamkanda na kumpikia uji wa pilipili manga.

Upepo wa kusi ulikuwa umepiga wiki nzima na kung'oa vitambaa vyote vya alama kwenye vigingi. Siku ya kufunga, wenzake Bi Mboni kabla ya fundo la kwanza walisimama, wakatazama mwamba unaoanzia mashamba, wakahesabu vigingi kwa kidole. Bi Mboni hakuhesabu. Mwili wake ulikuwa baharini, lakini kichwa kilikuwa Lindi sebuleni, anagombana na Abdulrazak, na alikuwa anashinda. Akaiachia miguu njia. Miguu ya mtu ina mazoea yake. Kwa miaka mingi zaidi ya ile mitatu ilizoea njia ya kwa shoga, basi ikampeleka huko huko. Akaona kamba tupu, akainama, akaanza kufunga.

Zilikuwa kamba za Kidawa. Kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho.

Somoe alimwona. Alifungua mdomo kabisa, sauti ile ya boti ikiwa tayari kooni, halafu akaufunga. Akawatazama wenzake, nao walikuwa wameshaona. Hakuna aliyesema kitu, na wala hawakuwa na ubaya. Kidawa yuko Pande na mzazi, kamba zake zitakaa bure msimu mzima, na sasa huyu hapa Mboni anaweka mbegu zake, mbegu zake pekee, kwenye kamba za mtu asiyemwitikia salamu. Wao waliona suluhu. Na watu wawili wakianza kupatana, mwenye busara haingizi mdomo wake kati, maana neno moja la kejeli linaweza kurudisha kila kitu nyuma. Somoe alipita karibu na kuinamisha kichwa.

"Mungu akulipe, Bi Mboni."

"Amina," alijibu Bi Mboni, akidhani anasifiwa mafundo yake. Yalistahili sifa.

Jioni ile ile Somoe alipiga simu Pande. Upande wa pili Kidawa alimtaka arudie jina.

"Mboni?" alisema. "Mboni huyu wetu?"

Basi mwani ukakua, na ulikua kama uliotiwa dawa. Kila bamvua Bi Mboni alikuwa wa kwanza kushuka. Aliondoa majani ya bahari yaliyojisokota kwenye kamba, alikung'uta mchanga, alikaza vigingi kwa jiwe, aliwafukuza samaki tasi waliokuja kula machipukizi kwa maneno ambayo tasi wale hawatayasahau. Usiku alilala amechoka, akaamka na nguvu. Abdulrazak alipopiga simu alimwambia, "Njoo na kamera." Alikuwa na uhakika, na uhakika ule ulimpendeza hata usoni.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Pembeni yake, kamba za shamba la pili zilikuwa zimekaa tupu. Majani ya bahari yalizidi kuzivaa, mpaka zikawa kama ndevu za mtu asiye na mke. Maskini Kidawa, aliwaza. Siku ya kwanza alipowaza hivyo alisikia na utamu kidogo moyoni, wa kwamba, haya, aliyefunga dirisha sasa aone. Akastaghafiri papo hapo. Lakini bamvua lililofuata macho yalirudi pale pale, na safari hii hakusikia utamu. Alimkumbuka Kidawa anavyokunja kanga katikati ya magoti, anavyoimba wimbo mmoja ule ule na kukosea pale pale kila mara. Bahari haikuwa na raha bila wimbo ule.

Bamvua la mwisho kabla ya kuvuna, wenzake walipokwisha kupanda, alitazama huku na huku kuona kama kuna mtu. Halafu akaingia kwenye shamba lile la pembeni na kulisafisha. Kamba moja moja. Alirarua majani yote, akafunga palipolegea, akasimamisha vigingi vilivyolala. Kidawa atakaporudi, angalau akute kamba safi, na asijue ni nani. Alifanya hivyo kwa siri kabisa, lakini Somoe alikuwa amesahau panga lake na kulirudia, akaona yote, na moyoni akasema: haya, ameanza kutengeneza na la kwake.

Siku ya kuvuna ikaja. Abdulrazak alikuwa amelala kisiwani usiku ule, na asubuhi maji yalipotoka alimfuata mama yake amekunja suruali magotini, anakanyaga kwa hofu kama mtu wa mjini, ingawa alizaliwa mita chache kutoka pale. Wanawake wote walikuwa wameshuka. Bi Mboni akasimama mbele ya mwani wake, mnene, uliojaa kamba nzima, akaupanulia mikono.

"Tazama," alisema. "Sema mwenyewe. Huyu ni mtu wa kukalishwa kwenye kochi?"

Abdulrazak akatazama. Alijua mwani, alilelewa nao. "Mama, umeweza," alisema, na alisema kwa moyo.

Wakati ule ule boti ya Pande ilikuwa imeshindwa kukaribia kwa sababu ya maji kupwa, na mtu mmoja alikuwa ameshukia mbali, anakuja kwa miguu, maji yakimfika ugokoni, furushi kichwani. Alikuja moja kwa moja. Alipofika akatua furushi juu ya ndoo ya mtu, akamshika Bi Mboni mikono yote miwili mbele ya wote, na Bi Mboni akaona kwamba Kidawa analia.

"Shoga," alisema Kidawa. Neno lile alikuwa hajalisema miaka mitatu. "Umenifungia mbegu. Umenilelea. Mimi niko kwa mzazi, sina habari, wewe umeacha lako ukashika langu. Na mimi nilikufungia dirisha."

Bi Mboni alitabasamu kwanza, kwa sababu alifurahi kabla ya kuelewa. Halafu akaelewa nusu. Halafu akageuza shingo polepole, akautazama mwamba, akahesabu vigingi. Akarudia kuhesabu. Vigingi havikubadilika.

"Wamebaki wangapi wenye moyo huu?" Somoe aliwatangazia wote kwa sauti yake ile. "Mbegu za shamba moja tu alipewa, akampa mwenzake zote!"

Abdulrazak alikuwa anamtazama mama yake kwa macho ambayo Bi Mboni hakuwahi kuyaona kwake, ya mtoto aliyegundua kuwa mzazi wake ni mkubwa kuliko alivyodhani. Kidawa bado amemshika mikono. Wanawake wamesimama, ndoo chini. Alichotakiwa kufanya Bi Mboni ni kunyamaza tu. Angenyamaza, shoga yake angekuwa amerudi na Lindi ingekuwa imekwisha, vyote viwili kwa bei ya kufunga mdomo.

Nafsi ilimwambia nyamaza, na alikaribia. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na kwa mtu kama yeye ni fupi zaidi. Mwongo anahitaji kumbukumbu. Wiki ijayo angesahau kuwa alikuwa mwema, angejifichua mwenyewe kwa mdomo wake akinywa chai na kucheka. Na zaidi ya hapo, mikono ya Kidawa ilikuwa ya moto, ya mtu wa kweli, na hakuweza kuishika kwa uongo.

"Kidawa," alisema, "sikukufungia mimi. Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kamba. Nilidhani ni zangu. Siku zote hizi nilidhani ni zangu. Mpaka sasa hivi."

Abdulrazak alishika kichwa.

"Na kule juzi?" Somoe aliuliza, sauti imemshuka. "Nilikuona unasafisha kamba zako."

"Nilidhani za Kidawa," alisema Bi Mboni. "Niliziona zimezidiwa na majani, nikasema nimsafishie arudi akute pasafi. Sikutaka ajue."

Kidawa aliachia mikono. Alimtazama Bi Mboni usoni, kwa muda, kama anayesoma maandishi madogo.

"Mwani wako wa msimu mzima," alisema. "Ulisahau?"

"Wote."

"Na mtoto anakuja kukuhukumu kwa huo huo mwani. Ulisahau?"

"Kidawa, nimeshasema. Unataka niseme mara ngapi?"

Kidawa akakaa chini. Alikaa pale pale ndani ya maji, kanga na vyote, akafunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Bi Mboni alidhani amemuua kwa uchungu. Kumbe mwenzake alikuwa anacheka, tena cheko la kuvunja mbavu, na machozi ya mwanzo hayajakauka.

"Basi ulisahau kweli," alisema akijaribu kupata pumzi. "Harusi. Ulisahau kweli, Mboni! Mimi miaka mitatu nasema hakuna mtu wa kusahau namna ile, huyu kaniacha makusudi, kaona sifai kukaa na wenye mali wa Masoko waliokuja. Kumbe upo! Mtu wa kusahau namna ile yupo, ndiye wewe!"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia. Nani angekuamini?"

Bi Mboni naye akakaa majini. Kwa mara ya kwanza tangu harusi ile alilia, alilia kwa sauti bila kujificha, kwa sababu ni jambo zito kusema kweli kwa miaka mitatu na kuaminiwa siku ambayo kweli hiyo imekugharimu kila kitu. Kidawa alimfuta uso kwa kanga iliyolowa maji ya chumvi, ambayo haikusaidia.

Abdulrazak akawakaribia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimtisha Bi Mboni kuliko ukali.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alisema Bi Mboni. Akajipangusa, akainuka. "Sitakudanganya wala sitalia tena. Kaniletee begi."

"Begi la nini?" aliuliza Kidawa. Alipoambiwa, alisimama akakamua pindo la kanga yake, akamgeukia Abdulrazak. "Mwanangu, wewe utamchukua huyu, umpeleke Lindi, atoke kununua mkaa aingie nyumba ya mtu mwingine apike. Nani huko atamjua? Hapa akipotea, tunamjua. Mbuzi wake akipotea, tunajua yuko magofuni."

"Lakini Mama Kidawa, mmemwona wote na hamkumwambia!"

"Mimi sikuwapo," alisema Kidawa. "Ningekuwapo asingefunga hata fundo moja. Ningempigia kelele kutoka kule." Akatazama bahari. "Na tukiendelea kusimama hapa maji yatatukuta. Sheria ya kikundi ni sheria, mwani huu ni wangu, sitaki maneno. Na mwani wangu nikitaka kuukata mbegu, naukata mbegu. Kamba za Mboni ni safi, kazisafisha mwenyewe kwa siri. Shikeni visu."

Hakuna aliyebisha. Walikata machipukizi mazuri, wakayajaza kwenye ndoo, wakahamia shamba la pili. Somoe alileta nyuzi zake. Wanawake waliokwisha kuvuna wakaja na mikono yao. Abdulrazak alisimama kidogo na viatu mkononi, kisha akaviweka juu ya kigingi, akainama karibu na mama yake akaanza kufunga. Fundo lake la kwanza lilifunguka. Mama yake alilikaza. Kamba ya pili Kidawa alianza kuimba, akakosea pale pale, na Bi Mboni alifurahi mpaka akasahau uzi uko mkono gani.

Maji yalikuwa yanarudi, yamefika kwenye vifundo vya miguu, halafu kwenye ugoko. Walibakiza kamba moja.

"Mama," alisema Abdulrazak, bila kuinua kichwa. "Nilipokuwa mdogo tulikwenda msibani Pande. Mlirudi na boti, mkaniacha nimelala nyuma ya nyumba ya watu."

Bi Mboni alisimamisha mikono. "Mimi? Lini?"

"Hukumbuki?"

Hakukumbuka. Alitafuta kichwani kwa uaminifu kabisa, na hapakuwa na kitu. Uso wake ukawaka moto kwa aibu, mtu yule ambaye haoni aibu.

"Nani alikurudisha?" aliuliza.

Abdulrazak akaelekeza kidevu upande wa pili wa kamba. Kidawa alikuwa ameacha kuimba.

"Alinilipia mtumbwi usiku ule ule," alisema Abdulrazak. "Akanibeba mgongoni mpaka mlangoni kwako. Mama, mimi sikuwahi kuogopa kusahau kwako. Nimekua nako. Nilianza kuogopa dirisha lile lilipofungwa."

"Wala hakuwa mzito," alisema Kidawa. "Fungeni hiyo ya mwisho, maji hayo."

Waliifunga wote watatu, maji yakiwa magotini. Abdulrazak aliondoka kesho yake na boti ya asubuhi, peke yake, na viatu vyake vilikuwa bado juu ya kigingi, chini ya bahari.